Usukani wa Kushoto

Fremu ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake, ila ndani hamkuwa na mtu. Ilibaki kadibodi tupu. Mzee Mansuri, mwenye studio, alisimama chini yake amejishika kiuno, hajui aanze kumlaumu nani.

"Nilikwenda kuswali Ijumaa," alimwambia Inspekta Rabia Saady. "Nimerudi, picha hakuna."

"Mlango uliufunga?"

"Niliweka kiti mlangoni."

"Kiti?"

"Afande, wewe umehamishiwa Kasulu juzi tu. Hapa kiti kikikaa mlangoni, mwenye duka yuko msikitini. Haingii mtu. Tangu enzi za marehemu baba, haingii mtu."

"Leo ameingia."

Neno hilo lilimuuma mzee kuliko wizi wenyewe, na Rabia akajuta kulisema kwa ukavu namna ile.

Alizungusha macho. Kamera zilikuwapo. Kompyuta ilikuwapo, printa ilikuwapo, hata droo ya mauzo haikuguswa. Mwizi aliruka vyote hivyo akachukua picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, tena kuukuu.

Koplo Nickson alikuwa ameshapiga magoti na vumbi lake la kupimia alama za vidole. Nickson ni Muha wa Gwarama, mtu mzima mwenye wajukuu, na mdomo wake haukujua likizo.

"Umepata nini?" Rabia alimuuliza.

"Vidole vya mzee, vya fundi wake, vya mwenye picha, na vya wateja waliokuja kuishangaa. Hapa pamefanyika mkutano wa hadhara."

Kisha Rabia akaona kitu chini ya meza. Kilikuwa kifurushi cha gazeti, kimefungwa barabara kwa plasta nyeupe ya hospitali na kuwekwa ndani ya boksi dogo, mdomo wa boksi nao umezibwa. Alikipasua kidogo kwa uangalifu. Ndani mlikuwa na kioo cha fremu, vipande vipande.

"Mzee, umekifunga wewe?"

"Nimekikuta hivyohivyo."

"Mwizi katuonea huruma tusijikate," Nickson alisema.

Rabia alikitia kifurushi kwenye mfuko wa vielelezo. Mtu anayeiba huku moyo unamwenda mbio haketi kufunga vioo, isipokuwa mikono yake imezoea kazi hiyo mpaka inaifanya yenyewe.

"Picha ilikuwa ya nani?"

"Ya Leonidasi, wa Murungu kule Kibondo. Aliileta niikuze, ana kesi ya shamba. Nakala yake ninayo kwenye simu, ila niliipiga ikiwa bado kwenye fremu. Kioo kimemulika."

Rabia akaipokea simu, na hapo ndipo alipoacha kusikia mengine.

Ni lazima isemwe: mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa usio na dawa, nao ni magari ya zamani. Wenzake wakiperuzi mitindo ya vitenge, yeye yuko kwenye kundi la wapenzi wa magari, watu waliotawanyika dunia nzima. Mmoja akitupia picha ya harusi ya kale au ya gavana fulani, wengine wanashindana kutambua gari kwa taa moja au kwa pindo la bampa. Kituoni walimtania kwamba siku akiolewa tena, mahari italipwa kwa injini.

Pichani, kijana mmoja mwenye shati jeupe alisimama mbele ya gari kubwa linalong'aa, mkono juu ya boneti, kidevu juu. Gari lilionekana ubavu mzima. Usukani ulionekana vizuri dirishani, nao ulikuwa kushoto.

"Jaguar," alisema kwa sauti ya chini. "Mark ya Pili. Tazama nguzo za madirisha zilivyo nyembamba, na kromu ilivyozunguka. Ile ya kwanza ilikuwa na nguzo nene."

"Ameshaanza," Nickson alimwambia mzee Mansuri.

*

Leonidasi alifika kituoni jioni ileile, shati limechomekewa, akaanza kusema kabla hajakaa.

"Aliyeiba namjua. Ni Valeria."

"Valeria ni nani kwako?"

"Binti wa yule mtu wa kwenye picha, Manirambona. Baba yake alitukimbilia mwaka sabini na mbili akitokea Burundi. Babu yangu akampa pa kujishikiza. Mzee kafa, sasa binti anasema shamba ni lake."

"Yeye anasemaje?"

"Eti baba yake kazaliwa Murungu, na lile shamba kalifyeka mwenyewe. Ndipo nikaipata ile picha kwenye sanduku la marehemu shangazi. Nyuma imeandikwa Agosti 1964. Tazama usukani, afande. Huku kwetu usukani kushoto umeuona wapi? Hapo yuko Bujumbura, kwao ndiko usukani hukaa kushoto. Baraza la ardhi limeiona, watu wamecheka. Mwenyekiti akaniambia niilete Alhamisi, ile halisi pamoja na iliyokuzwa. Nikasema mbele ya wote kwamba naipeleka kwa Mansuri."

"Valeria alisikia?"

"Alikaa mbele yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Amestaafu. Alikuwa nesi wa zahanati."

Rabia na Nickson wakatazamana. Ile plasta ikawa imepata mwenyewe.

"Nikikosa ile picha nimekosa kesi," Leonidasi alisema, na sauti yake ilishuka. "Mimi si mwizi wa mashamba, afande. Nimekua nikiambiwa hivyo. Babu aliniambia hivyo."

Rabia alimwamini. Na hilo ndilo lililomnyima raha, kwa sababu nesi naye huenda aliambiwa yake na baba yake vivyo hivyo.

Leonidasi alipoondoka, Rabia aliweka simu yake mezani, akaivuta kwa vidole ile picha aliyotumiwa na mzee Mansuri. Nickson aliinama begani kwake.

"Huku nani hana shangazi ng'ambo," alinung'unika. "Hata mimi wakinitikisa wataniangusha upande wa pili." Kisha akakaza macho. "Hili jengo la nyuma lingekuwa godauni la zamani la kahawa pale Kibondo. Lakini ngazi zake si huku. Zile ziko upande wa pili."

"Una uhakika?"

"Nimebeba magunia pale ujana wangu wote. Ngazi nazijua kwa mgongo."

Rabia alikuwa anatazama mkia wa gari. Pale nyuma, juu ya gurudumu, kama mng'aro wa kioo usingekaa palepale, angeapa kwamba anaona ukingo wa kifuniko cha tangi la mafuta. Lakini ubavu huu ni wa kulia. Jaguar ya aina hii kifuniko chake kiko kushoto.

Aligusa kitufe cha kugeuza picha. Gari likageukia upande wa pili. Usukani ukahamia kulia. Ngazi za godauni zikahama.

"Hapo sasa," Nickson alisema taratibu. "Hapo ni Kibondo."

Rabia akampigia mzee Mansuri. "Mzee, filamu inaweza kuoshwa ikatoka kinyume?"

"Mbona jambo la kila siku zamani zile. Ukiilaza filamu kifudifudi mashineni, picha inatoka safi, ila kushoto kunakuwa kulia. Kama haina maandishi, nani atajua?"

Rabia alikata simu. Nakala ya simu isingetosha, maana wakili yeyote angeuonyesha ule mng'aro na kusema ni doa. Kinachotakiwa ni picha yenyewe. Na picha yenyewe iko mikononi mwa mwanamke anayeamini kwamba itamwangamiza.

"Kama ameichoma?" Nickson aliuliza.

"Usiniulize hilo, Nickson."

*

Asubuhi, kule Murungu, waliikuta nyumba ya Valeria imefagiliwa mpaka chini ya uzio. Mwenyewe alikuwa kibarazani akichambua maharage kwenye ungo, mwanamke aliyepita makamo kidogo, sweta limefungwa vifungo vyote.

"Mwakeye, mama," Nickson alimwamkia kwa Kiha.

Aliitikia, akawatolea viti, akauliza habari za safari. Hakuuliza wamefuata nini.

"Shikamoo mama," Rabia alisema. "Jana ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Shambani."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Kasulu hukufika?"

"Kasulu nina nini?"

Rabia akatoa mfuko wa kielelezo, akauweka juu ya kigoda. Ile plasta nyeupe ilionekana wazi.

"Mama, nani hufunga kioo namna hii?"

Valeria alikitazama kifurushi. Mikono yake iliacha maharage.

"Mtu aliyefundishwa," alisema. "Kuna watoto wanaochezea majalalani. Wanajikata."

"Alifundishwa wapi?"

"Inspekta, unauliza unachokijua."

"Picha iko wapi?"

"Nimeichoma."

Njia nzima Rabia alikuwa akiomba aambiwe lolote jingine: imezikwa, imetupwa, imepelekwa kwa wakili. Alimwonea mama huyu huruma.

"Mama, nitakuonyesha kitu," alisema, akamsogezea simu. "Hii ndiyo picha uliyoiona barazani. Gari hili linaitwa Jaguar. Kiwandani kwake waliweza kulitia usukani kushoto au kulia, kwa kufuata nchi linakokwenda. Lakini kifuniko cha mafuta hakikuhama. Kilikaa nyuma, kushoto, daima. Hapa kiko upande gani?"

Valeria akainama. "Sijui magari, mwanangu."

"Kiko kulia. Haiwezekani. Picha imeoshwa kinyume." Akaigeuza. "Ilipaswa kuwa hivi."

"Usukani umehama."

"Haukuhama. Hapo ndipo ulipokuwa. Kulia, kama magari yetu."

"Na lile ni godauni la kahawa, mama," Nickson aliongeza. "Unalijua. Tazama ngazi."

Valeria alizifuata ngazi kwa kidole.

"Nyuma iliandikwa mwaka sitini na nne," alisema.

"Leonidasi mwenyewe ndiye aliyeusoma mbele ya baraza. Mwaka sitini na nne baba yako alikuwa Kibondo, amesimama mbele ya godauni. Huo mwaka sabini na mbili wanaosema alikuja, alishakuwapo."

Ungo uliteleza magotini, maharage yakamwagika sakafuni. Mwanamke ambaye hakuacha kioo kilale ovyo katika nyumba ya mtu mwingine hakuinama kuyaokota. Aliinuka, akajishika goti lililokuwa likimsumbua, akaingia ndani. Nickson alitaka kumfuata. Rabia akamzuia kwa mkono.

Alirudi na bahasha kubwa ya kaki, ile ya kutilia eksirei. Akatoa picha ya goti lake, kisha nyingine, na katikati ya hizo mbili, kijana mwenye shati jeupe.

"Niliwasha kibiriti," alisema. "Mara ya kwanza upepo ukazima. Mara ya pili haukuzima, nikamwona macho. Picha nyingine yake sina, Inspekta. Ningemchoma vipi data, baba yangu mzazi?"

Rabia akachukua lenzi. Bila kioo, mng'aro haukuwapo tena, na kifuniko kilionekana juu ya gurudumu la nyuma, ukingo wake wote, hakina ubishi. Alimpa Nickson naye aone, kwa sababu macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kuloa, na hilo halikuwa la kuonwa na koplo.

"Mama, sasa lazima nikuonye kisheria," alisema baadaye. "Una haki ya kunyamaza, na ya kumwita wakili au ndugu. Utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani."

"Kwanza niulize. Picha ikifika barazani, watauliza imepatikana wapi?"

"Watauliza."

"Nawe utasema."

"Nitasema. Siwezi kuificha. Na picha isipokwenda, Leonidasi atabaki na maneno yake, nawe na yako."

Valeria alitazama njia, walikokuwa wakipita majirani na majembe yao. Wawili walipunga mkono wakamwita mama nesi. Naye akawapungia.

"Nusu ya hawa nimewapokea kwa mikono hii," alisema. "Watasikia kwamba niliruka kiti cha Mwislamu akiwa kwenye ibada, nikaiba."

"Watasikia, mama. Na hakimu atasikia pia kwamba uliirudisha nzima. Mzee Mansuri nimezungumza naye asubuhi, hana kinyongo. Lakini mashtaka siyafuti mimi."

"Naelewa." Alinyoosha mkono. "Nionyeshe tena kwenye simu. Ile iliyogeuzwa."

Rabia akampa. Mama akaisogeza karibu na uso wake.

"Alikuwa na kovu juu ya jicho hili," alisema, akigusa kioo cha simu kwa kidole. "Barazani niliposhikishwa ile picha, kovu lilikuwa upande mwingine. Nilimjua, lakini kama unavyomjua ndugu wa mtu. Nikadhani ni macho yangu, au ni uzee, au ni kwamba sikuwahi kumjua." Alipumua. "Huyu sasa ni data."

Nickson alikuwa ameinama anaokota maharage, moja moja, kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta.

"Andika, Inspekta," Valeria alisema. "Wakili sihitaji. Andika kwamba niliiba mimi, peke yangu, hakuna aliyenituma. Na usiandike kwamba niliiba kwa ajili ya shamba. Shamba ningeweza kuliacha, nina pensheni yangu na wanangu wana kwao. Maisha yake yote alituambia, nimezaliwa hapa, kitovu changu kimezikwa hapa. Mpaka anakata roho mikononi mwangu alisema hivyo. Halafu mtu kaonyesha usukani wa gari, watu wakacheka, nami nikakaa palepale nikasema moyoni, kumbe mzee alikuwa mwongo. Sikumtetea hata kwa neno moja. Nikaona haya kwa niaba yake. Niliiba ili asiendelee kuchekwa, lakini aliyemkana wa kwanza ni mimi."

Alimrudishia Rabia simu.

"Niliamini gari kuliko baba yangu. Andika hilo, na Alhamisi ulisome mbele yao wote."

Rabia aliandika neno kwa neno, akamsomea, na Valeria akatia saini.