Siku Chiriku Alipomkana Babu Yake

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye bati la jirani, kazi za nyumbani kwa kina Chiriku zilikuwa zimeshagawanywa. Mama alimwosha Babu uso na kumfunga vifungo vya shati, maana vidole vya mzee vilikuwa vimesahau kazi hiyo. Mama Mdogo alipooza uji kwa kuumimina kutoka kikombe hiki hadi kile. Kazi ya Chiriku ilikuwa kutafuta viatu. Babu alikuwa na mtindo wa kuvificha: chini ya mto, ndani ya ndoo, na siku moja ndani ya sufuria, tena akaifunika.

"Babu, leo viatu vimelala wapi?"

"Viatu gani? Mimi sina viatu. Viliibwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Wote walicheka, na Babu naye akacheka, ingawa huenda hakujua wanacheka nini.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Babu ndiye aliyembandika jina hilo zamani, kwa sababu mtoto yule alianza kuongea mapema na tangu hapo hakupumzisha mdomo. Wakati huo Babu alikuwa fundi seremala anayetegemewa. Nusu ya milango ya mtaa ule ilipita mikononi mwake. Kisha, miaka miwili iliyopita, alianza kusahau. Alisahau nyundo, akasahau majina, mwisho akasahau njia. Daktari alisema ni maradhi ya ubongo yanayowapata baadhi ya wazee. Hayaponi, lakini mgonjwa akitunzwa vizuri huishi kwa amani.

Siku ile Mama alirudi kutoka kwa daktari akawaketisha wote. "Haya ya Babu yabaki humu ndani," alisema. "Mtu akiuliza, semeni mgongo unamsumbua."

"Dada, lakini majirani wakijua watatusaidia kumwangalia," Mama Mdogo alisema.

"Watamcheka. Sitaki baba yangu awe kichekesho cha mtaa."

Dada mkubwa alikuwa ameshasema, kwa hiyo yakaisha. Dada hao wawili wakaanza kupokezana. Mama alifua mashuka hospitalini tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana. Mama Mdogo, ambaye alikuwa msusi, alibaki na Babu mpaka dada yake arudi, ndipo naye aende saluni kusuka mpaka jioni. Walipishana mlangoni kama zamu za walinzi.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya saa nne, Chiriku na wenzake walikuwa wamekaa karibu na uzio wa shule. Twiga, rafiki yake mrefu kuliko wasichana wote wa darasa, alikuwa akimwigiza mwalimu wa hesabu anavyopiga chafya. Mara mmoja wao akasema, "Hebu mwoneni yule mzee."

Chiriku aligeuka. Nje ya uzio alisimama Babu. Sweta la Mama Mdogo alikuwa amelivaa nje ndani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mkononi alishika futi yake ya kupimia, anaupima uzio na kuhesabu kwa sauti. Watoto walianza kucheka. Mmoja alimwita, "Mzee, unatushonea suruali?" Kicheko kikazidi.

Babu aliinua macho. Alimwona Chiriku, na uso wake ukachangamka. "Wewe," alisema, akimnyooshea kidole. "Wewe si mtoto wetu?"

Kicheko kilikatika. Macho yote yalimgeukia Chiriku. Alihisi masikio yakimwaka moto.

"Chiriku, unamjua?" mmoja aliuliza.

"Simjui," alisema Chiriku.

Babu alimtazama kidogo, kisha akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu aliyegonga mlango usio wake. "Samahani, binti," alisema. "Nimekufananisha."

Akaikunja futi yake, akaondoka akichechemea kuelekea njia ya soko kuukuu. Kengele ililia. Chiriku alijua kwamba angeweza kukimbia kwa mwalimu na kusema, "Babu yangu amepotea." Miguu yake ilimpeleka darasani. Saa zile zilizobaki hakusikia somo hata moja. Kila alipofumba macho alikiona kile kichwa kikiinama.

Alipofika nyumbani alikuta mlango wazi na sauti zimepanda. Mama alikuwa bado na sare ya kazi. Mama Mdogo ameketi sakafuni, miguu imejaa vumbi.

"Tangu asubuhi hayupo, na wewe hukumwambia mtu?" Mama alisema.

"Ningemwambia nani, dada? Si ulitukataza? Nimezunguka mtaa mzima. Kila aliyeniuliza natafuta nini nilimwambia natafuta kuku. Wakaniuliza ni wa rangi gani."

"Na mlango uliuacha wazi."

"Nilisinzia." Mama Mdogo alifuta macho kwa kiganja. "Jana nimerudi nimechoka, na Baba aliamka mapema. Nilisinzia kidogo tu, kwenye kiti. Kosa ni langu, nakubali. Lakini usinitazame hivyo."

Chiriku alisimama na mkoba begani. Kila neno lililomchoma Mama Mdogo aliona kwamba lilikuwa lake yeye. Akaenda kwenye mtungi, akachota maji, akabaki ameshika kikombe bila kunywa.

Mama alimtazama. "Chiriku, mbona kimya? Wewe hata ukiumwa meno huongea."

Chiriku alikiweka kikombe chini. "Nilimwona," alisema Chiriku.

"Ulimwona nani?"

"Babu. Alikuja shuleni saa nne. Walimcheka. Wakaniuliza kama namjua, nikasema simjui."

Chiriku alingoja kofi, lakini halikuja. Mama alishika ukuta, akaketi taratibu kando ya mdogo wake.

"Alielekea wapi?" aliuliza Mama Mdogo.

"Njia ya soko kuukuu."

Dada hao wawili walitazamana. Nyuma ya soko kuukuu ndipo ilipokuwa karakana ya Babu, enzi hizo wao wenyewe wakiwa wadogo wakicheza na maranda ya mbao. Wote watatu walitoka bila hata kufunga mlango.

Kwenye kona aliketi fundi viatu. Mama alisita mbele yake. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia, "Jirani, umemwona baba yangu? Ni mgonjwa. Anapoteza kumbukumbu, na sasa amepotea."

Fundi viatu aliacha sindano. "Mbona nilimwona asubuhi! Amepita hapa hapa. Nikasema, alhamdulillahi, mgongo wa mzee umepona, sasa anatembea. Laiti ningejua ningemshika mkono nimlete kwenu."

Mama aliinamisha uso, akaendelea kutembea, na Chiriku akaona shingo ya mama yake imelowa jasho.

Karakana ya zamani ilikuwa siku hizi duka la mikate. Walimkuta Babu humo, ameketi juu ya gunia la unga, nywele na nyusi nyeupe kwa unga. Mguu usio na kiatu ulikuwa umekatwa na kigae cha chupa, na mwokaji alikuwa ameufunga kwa kitambaa safi.

"Yupo hapa tangu saa tano," mwokaji alisema. "Nilimuuliza kwake ni wapi, akanijibu ni hapa. Tumebishana weee, mwisho nikamwacha. Amenikosoa rafu zangu zote. Anasema zimepinda."

"Zimepinda kweli," alisema Babu.

Walimpeleka zahanati. Muuguzi aliliosha jeraha, akatoa vipande vya kigae, akamdunga sindano. Alisema mguu ule ungelala na uchafu mpaka kesho yake, mambo yangekuwa mengine.

Nyumbani Chiriku alimwosha Babu unga kichwani kwa maji ya vuguvugu. "Babu," alisema, "leo nilikukana. Nisamehe."

"Ulinikana? Lini?"

"Asubuhi, shuleni."

Babu alifikiri kwa juhudi. "Basi usirudie," alisema kwa upole, kisha akauliza kama chakula kiko tayari. Chiriku aliona heri angemgombeza. Msamaha wa mtu asiyekumbuka kosa haukumpunguzia mzigo.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, aliwaendea wenzake kabla hawajaanza mchezo. "Yule mzee wa jana ni babu yangu," alisema. "Ni mgonjwa. Niliwadanganya."

Wengine walitazama chini. Twiga ndiye aliyejibu. "Nilijua. Mna pua moja. Mimi mwenyewe nilicheka, Chiriku, na nilipofika nyumbani sikuona raha." Jumamosi, akasema, angekuja kumsalimia mzee.

Jioni ile Mama na Mama Mdogo walikuwa wametoka kupita nyumba kwa nyumba, wakiwaeleza majirani ukweli na kuwaomba wakimwona Babu peke yake wamrudishe. Hakuna aliyecheka. Mama wa nyumba ya pili aliahidi kumwangalia asubuhi, Mama Mdogo apate kupumzika. Waliporudi, Mama alimwita Chiriku akae kati yao.

"Mwanangu, ulikosea sana," alisema. "Lakini nami nimekosa. Nilikuagiza uongo wa mgongo, nikakuonyesha kwamba babu yako ni wa kufichwa. Wewe ukamficha pale uzioni. Na mdogo wangu nimemzungusha mtaa mzima akitafuta kuku asiyekuwepo." Mama Mdogo alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Mama alimshika mkono.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kuugua si aibu, Chiriku. Aibu ni kumwacha mgonjwa wako peke yake kwa kuogopa watu. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema jana. Usingesema, tungekuwa bado tunatafuta."

"Ningesema pale pale uzioni," alisema Chiriku.

"Ndiyo," Mama alijibu. "Ungesema pale pale."