Kijiko changu ndani ya bomba ya kave

"Funga valizi yako! Leo leo unarudi kwenu Uvira!"

Mutoto wangu Vainqueur anamupigia bibi yake Ketsia kelele... na mi, mama mukwe, naangalia tu kama picha ya ukutani.

Bandugu, musinitukane kwanza. Musome.

Nyumba yetu hapa Baraka iko kwenye mteremko. Chini kuna kave, chumba cha chini ya nyumba, na ndani choo ya zamani yenye hakuna mutu anaitumia. Asubuhi ile bomba iliziba, maji machafu yakapanda, yakalowesha mifuko yote ya sukari ya biashara ya Vainqueur!

"Nani alitupa kitu?" Vainqueur akauliza.

Mi mbio mbio: "Ketsia! Pampasi za mutoto wake."

Uongo mutupu! Ndiyo ile kelele ya valizi ikaanza.

Mukamwana wangu Ketsia anapika bukari, ugali ya mahindi. Tumbo langu linajua muhogo tu. Na kwetu, sahani ya mukamwana hairudi na chakula, ni kumutukana. Basi kila siku nilishuka kave "kula kwenye baridi"... puu, ndani ya choo! Nikapanda nalamba vidole.

"Ketsia, utaniua na utamu!"

Fundi Useni akafika.

"Hii choo haina kazi. Naitoa, pahali pake naweka mudomo wa bomba na kifuniko cha kukaza. Ikiziba tena, munafungua tu pale."

Akaing'oa. Akaingiza waya, akavuta...

Bonge la bukari, gumu kama jiwe! Katikati, kijiko changu chenye uzi mwekundu. Kile kilipotea, nikasema panya alibeba!

Ketsia alikuwa karibu. Akakinyakua kabla Vainqueur hajakiona, akakificha ndani ya kitenge.

"Ni mi nilitupa bukari," akamwambia bwana yake. "Naenda."

Mutu nilimusingizia... ananifunika!

Nikajitia kati yao.

"Vainqueur, acha valizi! Ni mi. Ketsia, toa kijiko."

"Mama... we?"

"Mi. Miezi sita."

Ketsia akafuta macho.

"Nilijua, mama. Kila siku nilisikia maji ya choo."

"Na uliendelea kupika?!"

"Nilingoja uniambie we mwenyewe."

Bamama bakwe, chakula kikiwashinda, museme. Haya yake ni ya dakika moja. Yangu ilivutwa na fundi, na waya, mbele ya mutoto wangu!

Siku hizi Ketsia ananipikia muhogo. Hajanidai samahani hata siku moja.

Ni hiyo inaniziba koo... na hapa Useni hawezi kuweka kifuniko cha kufungua.