Buti za Mpima Njia

Mtu aliingia dukani akiruka kwa mguu mmoja.

Barabara ya madukani ilikuwa imefurika watu. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, na kila mpita njia alilikwepa dimbwi lililotanda mbele ya mlango. Yeye hakulikwepa. Alitua katikati yake kwa ule mguu wenye kiatu, akayumba, akajishikiza kwenye rafu ya ndala, na nusu ya rafu ikamfuata chini. Mkononi aliinua kiatu cheusi kilichochongoka mbele, soli imeachama kama mdomo wa mtu aliyesinzia kitini.

"Samahani, dada," alisema akiwa bado sakafuni. "Mnauza kiatu kimoja?"

Muuzaji, msichana mrefu mwenye gauni la bluu la kazi na futi ya mshonaji shingoni, alitaka kukasirika kwa ajili ya ndala zake. Kicheko kikamwahi.

"Tunauza viwili viwili, kaka. Hata mguu mzima una haki yake."

"Nani huyo anayeliangusha duka langu?" sauti iliuliza kutoka nyuma ya pazia. Ilikuwa ya mama mdogo wake, mwenye duka.

"Mteja, mama mdogo. Mguu Mmoja."

Jina likamganda hapohapo. Mguu Mmoja aliinuka, akajipangusa suruali, akaeleza shida yake. Alikuwa mpima njia. Karibuni angeondoka na kundi la wenzake kwenda milimani, kupima mahali pa kusimika nguzo za umeme: kutembea kutwa, miezi mingi, huko ambako gari halifiki. Alitaka viatu vya safari. Kidole chake kilikwisha kuzichagua buti za kahawia zilizokuwa ziking'aa dirishani.

"Zile. Nambari arobaini na mbili. Siku zote navaa arobaini na mbili."

Alizivaa, akajitazama kwenye kioo, akajipenda. Msichana alimwonyesha ubao mpana uliolazwa kwa mwinamo pembeni mwa duka, kitu ambacho wateja wapya walidhani ni cha kupandishia mizigo. "Panda, kisha ushuke."

Alipanda kama waziri. Alipoanza kushuka, vidole vikajikita mbele, na uso ukajikunja.

"Zinabana?"

"Hapana."

"Mbona uso unasema ndiyo?"

"Huu uso wangu una kiherehere, usiusikilize."

Mama mdogo alitoka nyuma ya pazia, mwanamke mnene mwenye miwani kichwani. "Kipya kinyemi ingawa kidonda!" alisema. "Sikiliza, mwanangu. Viatu vya safari havichaguliwi kwa macho, wala havichaguliwi asubuhi. Mguu wa asubuhi umetoka kulala. Ukitembea kutwa huvimba, na huo uliovimba ndio utakaokwenda nao milimani. Rudi jioni ukiwa umechoka. Na uje na soksi utakazosafiria."

"Kwa hiyo mnanifukuza?"

"Tunakualika jioni," alijibu msichana, kisha akaona haya kwa jinsi neno lile lilivyotoka.

Alirudi jioni na soksi nene mfukoni. Msichana alimletea buti nyepesi za ngozi laini, soli yenye meno, shingo ya kukumbatia kifundo, nambari moja juu ya ile aliyokuwa akijidanganya nayo miaka yote. Hazikung'aa. Alipoteremka ubaoni, vidole havikugusa kitu.

"Kuna nafasi ya kidole gumba mbele," alisema msichana akibonyeza. "Kisigino kinapanda?"

Mguu Mmoja aliketi, akizitazama buti kama anayetazama mtu aliyewahi kumkosea.

"Mwaka jana nilibebwa," alisema taratibu. "Viatu vizuri, vya kung'aa. Malengelenge yakapasuka, vidonda vikaoza, wenzangu wakanibeba kwa machela mpaka barabarani. Wanne, na mizigo yao mgongoni. Mpaka leo wananiita Maiti. Safari hii sibebwi, dada. Ni heri nisiende kabisa."

"Hutabebwa."

"Miguu yangu haijui kusema mpaka iwe imeshaumia. Wewe ndiye utakayeisemea. Ukiniambia niko tayari, naondoka."

Buti mpya hazisafiriwi zikiwa mpya, msichana akamweleza. Zilitaka kutembezwa kila jioni ndani ya mji, mpaka ngozi izoee mguu na mguu uzoee ngozi.

"Nitembee na nani?"

"Na buti."

"Buti hazina maneno, Mwalimu."

Msichana alichukua mkoba wake.

Ndivyo walivyoanza. Duka likifungwa, alivua gauni la kazi na kuvaa sketi pana na raba zake za kijani, wakaanza: kupita soko la vitambaa, kupanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu, kuteremka kwa barabara ya mafundi ambako cheche ziliruka hadi njiani. Kila baada ya mwendo alimketisha ukutani, akamvua buti, akakagua kisigino kwa kidole kama anayekagua papai.

"Hapa?"

"Hapaumi."

"Na hapa?"

"Hapo moyo."

"Moyo hauko kwenye unyayo, wewe."

"Wangu umeshuka tangu juzi. Ulikuja kukutazama kwa karibu."

Alimpiga kofi la begani. Msichana alipofika nyumbani kwa mama mdogo, simu ilikuwa inaita.

"Umefika, laazizi?"

"Nimefika. Umezivua?"

"Niko nazo kitandani."

"Mchafu!"

"Umesema mguu uzoee ngozi."

Mama mdogo, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya anapanga vyombo, alisema kwa sauti kubwa kwamba hajapata kuona buti zenye bahati namna ile.

Kisha ilifika jioni ambayo Mguu Mmoja alikuja akitabasamu sikio hadi sikio. Kundi la kwanza lilikuwa karibu kuondoka, na yeye alikuwa amepewa kuliongoza kwenye vipimo. Yeye, Maiti! "Limebaki neno lako tu, Mwalimu."

Msichana alipiga goti. Alibonyeza ngozi juu ya vidole, ikaitika. Alikunja soli, ikakunjika. Kisigino kilikuwa kikavu, safi, hakina hata wekundu. Buti zilikuwa tayari. Pengine zilikuwa tayari tangu siku chache nyuma, naye hakutaka kuuliza mikono yake. Aliiona jioni ya kesho bila yeye, na ya keshokutwa, na mtondo.

"Bado," alisema.

Neno dogo kabisa. Mguu Mmoja hakubishana. Alikwenda kumwomba mkuu wake ahamishiwe kundi la pili, na uongozi wa vipimo ukapewa mwingine. Aliporudi kumweleza, alimshukuru. Alimshukuru! Msichana akacheka, akamshika mkono, wakatembea, na kila hatua aliyopiga ikawa na kokoto ndani yake.

Uongo ule haukuishi sana. Kundi la kwanza lilipokwisha kuondoka, Mguu Mmoja alipita dukani mchana. Mama mdogo akazichukua buti kwa mikono yake mwenyewe, akazikunja, akazinusa, akazigeuza.

"Hee! Hizi mbona zililainika kitambo? Zingekuwa mkate zingeshaota ukungu. Nani anakwambia bado?"

Mguu Mmoja alimtazama msichana. "Mwalimu?"

Msichana alishusha macho, akaanza kuikunja futi yake. Mpima njia alizivaa buti zake, akafunga kamba taratibu, kwanza kulia, kisha kushoto, akapita mlangoni bila kuaga.

Simu iliita mpaka ikachoka. Msichana alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga akiwa amejificha stoo katikati ya maboksi. Jioni ya pili mama mdogo alimkuta ameketi juu ya ule ubao wa mwinamo, kichwa mikononi.

"Mama mdogo, nimeharibu."

"Umeharibu. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umefika mwisho wake. Sasa utakaa hapohapo? Geuka, urudi kwa miguu yako."

Akageuka. Asubuhi ilipokucha alivaa gauni lake jeupe la maua, lile la siku za maana, akaenda mpaka ofisi ya wapima. Uani, wanaume watatu walikuwa wakinyoosha utepe wa kupimia, na Mguu Mmoja alishika ncha moja. Alimwona, akaendelea kushika utepe.

"Duka limehamia huku?" aliuliza.

Msichana angeweza kumwita kando. Lakini aliwakumbuka wale wanne na machela yao, na kwamba neno lake lilikuwa limemshusha mtu huyu mbele ya wenzake.

"Buti zilikuwa tayari," alisema, na sauti yake ikafika mpaka ukutani. "Siku ile uliponiuliza, zilikuwa tayari. Nilisema uongo. Hakuogopa yeye, jamani, na miguu yake haina tatizo. Mwenye tatizo ni mimi."

"Maiti amefufuka," mmoja alinong'ona, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Mguu Mmoja aliachia utepe, ukajikunja ukilia. Wakasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Kwa nini?"

"Ukiondoka, jioni zangu nizipeleke wapi?"

"Ungeniambia hivyo."

"Ungebaki?"

"Nisingebaki." Alivuta pumzi. "Lakini ningeondoka nikijua. Miguu ndiyo kazi yangu, nami niliiweka mikononi mwako. Unajua ulichonifanyia? Sasa nikizivaa nasikia maumivu kila mahali. Nikivua, hakuna kitu. Sijui tena lipi la kweli."

Lile lilimchoma kuliko matusi. Hakulia, alijizuia kwa nguvu, kwa sababu hakuja kuhurumiwa. "Nifanye nini?"

Mguu Mmoja alichora mstari vumbini kwa mguu. "Siku ya kupanda lori nitakuuliza tena. Unijibu la kweli, liwe tamu au chungu. Hilo tu."

"Naahidi."

"Hata kama linakuumiza wewe?"

"Hasa hapo."

Ndipo tabasamu likamponyoka, dogo, la upande mmoja. "Na hilo gauni ulilivaa uje kuungama, au uje kuniua kabisa?"

"Mama mdogo alisema nivae gunia."

"Mama mdogo ana wivu."

Wakarudia kutembea. Hawakucheka kama zamani, lakini walisemezana mambo ambayo zamani waliyaruka: kwamba milimani simu hushika kwa kubahatisha, kwamba kundi la pili litakwenda mbali zaidi na halitarudi mpaka mvua ziishe. Siku ya mwisho kabla ya safari, jua halijazama bado, simu ilimkuta msichana akifunga maboksi.

"Mpenzi, kuna jambo. Mkuu anatafuta mtu wa kubaki ofisini kuchora ramani. Amesema asiyeiamini miguu yake abaki, hakuna aibu."

Akaketi juu ya boksi. "Na wewe unataka nini?"

"Nautaka mlima. Na nakutaka wewe. Vyote viwili vimekaa kitandani hapa, vinanitazama."

"Pamoja na buti?"

"Buti ziko katikati, zinasuluhisha." Kisha sauti ikashuka. "Nikibaki, tunaoana mwezi huu. Nimeshaamua. Nikienda, nitakuoa nikirudi, kama utakuwa bado unanitaka. Kesho nitakuuliza lile swali. Ukisema bado, nabaki."

Asubuhi lori lilisimama mbele ya ofisi, limejaa mahema na vigingi vya chuma. Mkuu wa kundi, mzee mfupi mwenye kofia ya jua, aliushika mlango wa nyuma. "Vipi, kijana? Unapanda au unachora?"

"Dakika moja, mkuu."

Mguu Mmoja aliketi ukingoni mwa njia, akanyoosha miguu. Kati ya watu waliokuwa wakiagana, msichana alipiga goti bila kujali gauni lake. Alibonyeza mbele: nafasi ya kidole gumba. Alizungusha mkono nyuma, akamwambia asimame juu ya ukingo kisha ashuke. Kisigino kilitulia kama kilichozaliwa mle. Alifungua kamba ya kulia, akavuta ulimi wa buti ukae sawa, akaipapasa soksi isiwe na mkunjo. Alitafuta kasoro kwa uaminifu wote, na Mungu amsamehe, kidogo aliomba aione. Haikuwapo.

"Mwalimu," aliuliza mpima njia. "Niko tayari?"

Neno lile dogo la siku ile lilikuwa palepale, ulimini, jepesi kama unyoya. Mwezi huu. Jioni zote. Hakuna ambaye angejua. Safari hii hata mama mdogo hakuwapo.

Alifunga kamba, akaikaza, akapiga fundo la pili juu ya la kwanza. Akamtazama usoni.

"Uko tayari," alisema. "Panda."