Nazi Tano, Kisha Simama

Biasha wa Msambweni alijulikana kwa wali wake wa nazi. Harusi ikitajwa mtaani, watu waliuliza tarehe, kisha wakauliza kama Biasha ndiye atakayepika. Alianza kazi hiyo akiwa msichana. Sasa alikuwa na miaka hamsini na miwili, na magoti yalikuwa yamechoka kumbeba.

Maumivu yalianza miaka minne nyuma. Kila asubuhi magoti yalikakamaa. Kusujudu kulimtoa jasho. Siku mbaya alilala kutwa, miguu juu ya mto. Siku nzuri ilipofika, alizikamata kazi zote zilizolala. Alifua, akafagia ua, kisha akaketi kwenye mbuzi, kile kigoda kifupi chenye meno ya chuma, akakuna nazi ishirini bila kuinuka. Jioni alisema amepona. Kesho yake hakufika hata chooni bila kushikwa mkono.

Dawa alinunua dukani, vidonge vya aina mbili, akavimeza pamoja. Magoti yalibaki vilevile, na tumbo nalo likaanza kumuunguza.

Ndipo binti yake Yusra alipoposwa na kijana wa kisiwani Funzi. Harusi ikapangwa baada ya miezi mitatu. Twaiba, dada wa mume wa Biasha, alikuja na wazo lake.

"Wifi, nakwambia kwa mapenzi," alisema. "Harusi iliyopita ulipika vizuri, kisha siku tatu tukakupikia wewe uji. Safari hii ni mwanao. Kesho yake tunavuka Funzi na kifungua kinywa cha bibi harusi. Nani atakubeba mpaka botini? Tutafute mpishi Ukunda."

Biasha alimwambia atafikiri. Twaiba alipoondoka, aliingia jikoni, akafunga mlango, akalia. Alikuwa amepikia mabinti wa watu wote. Wake apikiwe na mgeni?

Jirani yake Jemima alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ua. Jemima alitoka Kinango, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Alisikia kilio, akabisha hodi, akaamkia shikamoo. Kisha akauliza maswali mengi. Goti linauma lini? Jana ulifanya nini? Juzi je? Aliposikia habari ya vidonge alikunja uso.

"Kwanza acha kuchanganya dawa, mama. Utajitoboa tumbo. Kesho nenda hospitali ukapimwe."

Biasha alienda. Daktari alimpima na kumwonyesha picha ya goti. Gegedu, ile nyama ngumu inayokinga ncha za mifupa isisuguane, ilikuwa imelika. Alimwambia kweli: haitarudi kama zamani, lakini maumivu yanaweza kupunguzwa na maisha yakaendelea. Akamwandikia dawa ya aina moja, ya kumeza baada ya kula. Pia akamwonya arudi upesi goti likivimba ghafla, likiwa la moto, au akipata homa.

Jioni Jemima alikuja na kusema lililobaki.

"Adui yako si siku mbaya, mama. Ni siku nzuri. Ndiyo unayoliumizia goti."

"Siku zenyewe chache," Biasha alijibu. "Nisipofanya kazi siku hizo, nitafanya lini?"

"Kila siku. Kidogo kidogo. Unakuna nazi tano, unasimama, unatembea mpaka langoni na kurudi. Hata kama huumwi. Na siku ya maumivu usilale kutwa. Fanya nusu, lakini fanya."

"Nazi tano? Hiyo ni kazi ya mtoto."

"Basi tuone kama utaiweza."

Jemima alimfundisha pia zoezi. Aketi kitini, anyooshe mguu mmoja, ahesabu mpaka tano, aushushe taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Magoti yakiuma kidogo, aendelee. Yakiuma sana au yakivimba, apunguze. Asubuhi aweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kusali, asali kitini. Biasha aliona haya mpaka mumewe, Chirau, alipomwekea kiti mwenyewe na kumwambia Mungu hamtwiki mgonjwa asichokiweza.

Ikabaki mbuzi. Fundi seremala aliiinua kwa miguu mirefu, ikawa juu kama kiti cha kulia chakula. Twaiba alipoiona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi, huyu mbuzi au ngamia? Mimi nazi nitakuna chini, kama mamangu alivyonifunza."

Jumamosi ya pili Biasha aliamka bila maumivu hata kidogo. Jemima hayupo. Akakuna nazi tano, kisha tano, kisha kumi, bila kusimama. Jumapili alikuwa kitandani. Jemima alisimama mlangoni, hakumpa pole.

"Umejifunza?"

"Nimejifunza."

"Haya, anza upya. Leo nazi mbili."

Hakuvunja sharti tena. Mwezi wa pili wa mazoezi alitembea mpaka barabara kuu na kurudi. Maumivu hayakwisha, lakini sasa aliyajua, na hayakumshtua. Alimwambia Twaiba mpishi wa Ukunda asisumbuliwe.

Siku ya harusi nazi mia na ishirini zilirundikwa uani. Biasha aliketi juu ya ngamia wake, akagawa kazi. Nazi tano, akasimama, akazunguka masufuria, akaonja, akarudi. Zamani alitaka kukuna mwenyewe. Sasa aliacha wengine wakune, ulimi wake ukasimamia wali. Twaiba aliketi chini kwenye mbuzi fupi, hakuinuka tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Alihesabu kwa sauti ili wifi yake asikie. Thelathini na saba. Wali ulitoka kama Biasha alivyoujua, na wageni waliomba ukoko.

Usiku Biasha alimeza dawa yake baada ya kula, akalala huku akiiogopa asubuhi.

Asubuhi magoti yalikakamaa. Aliweka kitambaa cha uvuguvugu, akafanya mazoezi yake kitini, akasimama. Yakauma. Yakambeba. Akafunga mikate ya sinia na chupa ya chai kwenye kikapu, akaenda kumpitia Twaiba.

Twaiba alitoka nje ameinama, mkono kiunoni, hatua moja moja kama anayetafuta sindano.

"Wifi," alisema, "mgongo wangu."

Biasha hakucheka, ingawa alitaka sana. Alichukua kikapu cha Twaiba pia, akampa bega la kuegemea.

"Twende taratibu, boti itatungoja," alisema. "Yusra akiuliza, tutamwambia ni mimi nimekubeba."

Walipofika kwenye kona, Twaiba alisimama kupumua.

"Yule fundi," aliuliza polepole, "anaitwa nani?"