Sakafu ya Mama Mkwe

Kila asubuhi fundi cherehani alisogeza mashine yake mlangoni, penye mwanga. Mama mkwe wake alikaa kando yake, akikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo. Wateja walipoondoka, bibi huyo alikuwa na neno.

"Yule amenenepa tena. Mwachie nafasi kiunoni, mwanangu, gauni lisije likatuaibisha."

Wakacheka chini chini. Walikuwa wameishi hivyo miaka sita, na hawakuwahi kugombana zaidi ya siku moja.

Jumanne moja bibi alikwenda kuoga. Mara kikasikika kishindo. Fundi cherehani aliacha nguo ikining'inia kwenye sindano, akakimbia. Mama mkwe alikuwa amelala mlangoni mwa bafu, mguu umepinda vibaya.

"Usiniinue," alisema taratibu. "Kuna kitu kimevunjika."

Ilikuwa nyonga. Alipasuliwa. Baada ya siku chache daktari akawaita pembeni fundi cherehani na mumewe.

"Kidonda kitapona," alisema. "Lakini kutembea kama zamani, msitegemee. Atatumia kiti cha magurudumu. Sakafu ya nyumbani ikoje?"

Mume akatazama viatu vyake. Yeye alikuwa mchomelea vyuma. Mwaka uliopita alikuwa amepanga vigae vya nyumba nzima kwa mikono yake, kwa siku mbili tu.

Vigae vile alivichagua mkewe. Dukani kulikuwa na vingine vyenye uso wa kukwaruza, visivyoteleza, vya rangi ya kijivu. Akavipita, ingawa muuzaji alimwonya kwamba vilaini huteleza. Alitaka vinavyong'aa kama kioo. Sasa kila alipokaa kando ya kitanda cha mama mkwe, alitaka kumwambia, akaishia kumrekebishia shuka.

Jirani yao alikuja kuwapa pole. Huyu alikuwa mwanamke aliyepanga vigae kwa miaka ishirini. Watu walimwita Pimamaji, kwa sababu hakutoka nyumbani bila kile kifaa chake chenye kipovu cha kupimia usawa. Ilisemekana alikipeleka hata harusini, akapima meza ya keki.

Alichuchumaa mlangoni mwa bafu. Akagonga kigae kwa sarafu. Ko. Akagonga cha pili. Bwo.

"Mmesikia? Hiki kina uwazi chini. Shemeji, gundi uliiweka vipi?"

"Madonge matano," mume alijibu. "Pembe nne na katikati."

"Basi penye uwazi kigae hakikushikwa na kitu. Kimelegea, kinacheza. Kikilowa maji, na jinsi kinavyoteleza, hata kijana anaanguka."

"Nitabandika upya vilivyolegea."

"Utabandika vingapi? Nusu ya nyumba inalia bwo."

Fundi cherehani akasema, "Vitoke vyote." Sauti yake ilikuwa kali, hata mumewe akageuka kumtazama.

Walianza kesho yake. Pimamaji aliwataka wafunge pua na mdomo kwa barakoa na wavae miwani ya kazi. "Hili vumbi halitoki kifuani," alisema. "Na vipande vinaruka machoni." Walinyunyiza maji kidogo, wakang'oa vigae kwa nyundo na tindo. Chini yake kulikuwa na rangi ya zamani.

"Gundi ilishika rangi, haikushika sakafu," alisema Pimamaji. "Rangi yote ikwanguliwe."

Walipomaliza kukwangua na kufagia, alitandika kipande cha nailoni sakafuni, karibu na bafu. Akakibandika pande zote kwa utepe. "Tuonane kesho."

Kesho yake nailoni ilikuwa na matone kwa ndani.

"Sakafu inatoka jasho," alisema. "Maji yanatoka wapi?"

Walichimbua ukutani, wakakuta bomba linavuja. Mume alikaa chini kwenye kifusi, akashika kichwa.

"Siku mbili," alisema. "Nilijisifu kwa kila mtu kwamba nimemaliza kwa siku mbili."

Pimamaji akaendelea kuzoa kifusi.

Bomba lilizibwa na fundi wa maji. Lakini sakafu ilihitaji kukauka, na bibi alikuwa anatoka hospitali Jumamosi. Mume alitaka kupanga vigae hivyo hivyo.

"Ukipanga juu ya unyevu, vitabanduka," Pimamaji alikataa. "Mama akae kwa ndugu kwanza."

Fundi cherehani ndiye aliyekwenda kumwambia. Mama mkwe alisikiliza, akageukia ukuta.

"Kwa hiyo sina kwangu," alisema.

Zilipita wiki tatu. Mashine ya kushona ilifanya kazi, lakini nyumba ilikuwa kimya. Nailoni ilitandikwa tena na tena. Siku ilipotoka kavu, walikwenda dukani. Pimamaji alimwaga maji juu ya kila kigae, akakisugua kwa soli ya kiatu. Kilichoteleza alikiacha. Fundi cherehani alichukua vile vya kijivu, bila kuuliza rangi nyingine.

Safari hii hawakukimbilia gundi. Mabonde ya sakafu yalisawazishwa, yakaachwa yakauke. Kisha walipanga vigae vikavu, bila gundi, kuanzia katikati ya chumba, ili vipande vya kukatwa viangukie ukutani. Mume alitandaza gundi kwa mwiko wenye meno. Alipoweka kigae cha kwanza, Pimamaji akakibandua.

"Tazama mgongo wake. Gundi imeenea kote? Haya, kirudishe."

Kati ya vigae waliacha nafasi sawa. Kila mstari ulipimwa kwa kipovu. Bafuni sakafu iliinamishwa kidogo kuelekea tundu la maji, na kizingiti kikaondolewa ili magurudumu yapite. Kwa siku nzima hakuna aliyekanyaga. Ndipo wakajaza zile nafasi za kati ya vigae kwa saruji laini, wakafuta, wakasubiri tena. Mume akachomelea vishikizo vya chuma, akavifunga imara kwenye ukuta wa bafu.

Bibi aliletwa mchana. Alikuwa amekonda. Aliyazungusha magurudumu mwenyewe, akapita sebuleni, hakukwama popote. Mwanawe alitoka nje kufuta macho.

Fundi cherehani alipiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, vigae vilivyokuangusha nilivichagua mimi. Niliambiwa vinateleza. Nilitaka vinavyong'aa."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mwanangu, na mimi nilivisifu kwa kila mgeni." Alimshika bega. "Mguu haurudi. Nimekwisha kulia hospitalini, na kwa dada yangu pia nimelia. Sasa nataka kuoga."

"Nikusaidie?"

"Wiki zote hizi nimeogeshwa na watu. Niache."

Alisukuma kiti hadi bafuni, akashika chuma cha ukutani, akafunga mlango. Fundi cherehani alisimama nje akisikiliza. Maji yalianza kumwagika, akayasikia yakiingia moja kwa moja kwenye tundu.