Chai Nitaipika Mwenyewe

Baba yangu ni seremala. Nasema "ni", wala sikosei, ingawa mwaka jana msumeno wa karakana uliukata kabisa mkono wake wa kushoto.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi nyumbani ni vita. Baba akilisogelea birika la umeme, Mama anamwahi.

"Kaa, mume wangu. Nitakuletea."

"Mimi si mgonjwa!"

"Nani kasema mgonjwa? Wewe kaa tu."

Juzi hakukaa. Aliingia jikoni kabla Mama hajaamka. Kaunta yetu ilikuwa imejaa hadi ukingoni: chaja za simu, dawa za kikohozi, vitabu vyangu, makopo matupu, vifuniko visivyo na vyombo, na vikombe vya wageni ambao hawaji. Baba alipovuta kikombe, birika likapinduka. Maji ya moto yakamwagika karibu na miguu yake.

Mama alitoka mbio. "Umeona? Kuanzia leo jikoni huingii!"

"Nitaingia," alisema Baba. "Leo, kesho na keshokutwa. Chai yangu nitaipika mwenyewe!"

Jirani yetu, mpishi wa kantini ya shule, alisikia kelele akaja. Aliitazama kaunta, akamgeukia Mama.

"Dada yangu, kosa si la mkono wa shemeji. Hata mimi mwenye mikono miwili ningeungua hapa."

Mama alinuna. Mimi nilifurahi, sifichi.

Tuliondoa kila kitu. "Kinachotumika kila siku kirudi," alisema mpishi. "Cha mara moja moja kiende kabatini. Kisichotumika kabisa, kwaheri. Dawa zikae mbali na chakula, juu, pakavu, watoto wasipofika."

"Na vikombe vya wageni?" aliuliza Mama.

"Wageni gani?"

Mama alivipeleka kabatini mwenyewe.

Birika, majani ya chai, sukari na vikombe vyetu tuliviweka pamoja, upande wa kulia. Waya wa birika tuliusukuma nyuma usining'inie. Mbele tuliacha nafasi tupu, upana wa trei.

"Hapa pasiwekwe kitu," alisema mpishi. "Hapa ni pa kufanyia kazi." Kisha alitandika kitambaa kibichi, akaweka kikombe juu yake. "Shemeji, wewe mimina. Kitambaa kitazuia kikombe kisiteleze."

Jioni nilisahau chaja yangu pale. Baba alinirudishia, na jicho alilonikata nalikumbuka.

Asubuhi Mama alisikia kijiko kikikoroga. Alikurupuka hadi mlango wa jikoni. Baba hakugeuka.

"Kaa, mke wangu," alisema. "Nitakuletea."

Mama alikaa. Baba alileta kikombe kimoja, akarudi kuchukua cha pili. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha watu watatu. Mama aliinywa yote, akasukuma kikombe mbele.

"Niongezee."