Kijiko Kimoja kwa Hargreave

"Kavita, gari linaelekea gatini. Usimuue. Namtaka akiwa anaongea."

Sauti ya Mzee Rahim, mkuu wa idara ya siri, ilikwaruza kwenye kipokezi cha sikioni.

"Siahidi kitu, Mzee."

Kavita Muniandi akavuta mafuta. Pikipiki yake ya Yamaha ikanguruma kati ya hekalu la Wachina na msikiti wa Wahindi, moshi wa udi ukimchoma macho. Jua la mchana la kisiwa cha Penang lilikuwa kali. Hasira yake ilikuwa kali zaidi.

Mwezi ule watoto walizikwa wilaya nzima. Mmoja alikuwa Mira, mtoto wa dada yake.

Walikunywa dawa ya kikohozi.

Dawa bandia.

Gari jeupe mbele yake lilipinda, likapindua toroli la tambi.

"Mwendawazimu! Barabara umenunua?" muuza tambi alifoka.

"Mlaani huyo, Mjomba!" Kavita alipaza sauti akimpita.

"Nimeshamlaani yeye na ukoo wake!"

Gari likakwama kwenye mbao za gati. Wapakiaji waliongoja mzigo walipoiona bastola yake ya Glock, wakajitosa majini. Akabaki mwenye mali, Hargreave, mmiliki wa hoteli ya kifahari, ndani ya suti ya kitani. Babu yake aliuza kasumba mjini humu. Mtaa mmoja bado una jina lake.

"Binti, tuongee kistaarabu. Hii ni dawa tu. Ya watoto."

"Dawa?"

Kavita alipasua kasha moja garini. Akafungua chupa, akajaza kijiko cha plastiki kilichokuja nayo.

"Basi kunywa."

"Mimi sina kikohozi."

"Nimesema kunywa!"

Mtutu ukamgusa paji la uso. Kijiko kikamgusa mdomo.

"Acha! Itaniua! Ni kemikali ya kiwandani, tulichanganya kwenye bohari letu kule Butterworth, ng'ambo ya maji!"

"Umesikia, Mzee?"

"Neno kwa neno. Vijana wanaingia bohari sasa hivi. Mashua iliyokuwa ikimngoja tumeizuia, na wengine wanakuja kumchukua. Shusha bastola."

Mtutu haukusogea.

"Kavita. Mwanangu. Shusha."

Kidole kilibaki kwenye kifyatulio. Akamfikiria dada yake. Dada yake angetaka kumtazama mtu huyu machoni, kizimbani.

Akashusha.

Akamfunga pingu kwenye usukani.

"Babu yako walimpa mtaa," alimwambia. "Wewe tutakupa chumba. Kidogo."

"Unajua mimi ni nani?" Hargreave alipiga kelele. "Namtaka wakili wangu!"

Kavita akamwaga kijiko baharini, akavaa miwani ya jua, akaondoka. Hakugeuka.